Mwaka Tulioigeuza Kampala

Tulipomzika Bwana Sserwadda, kijijini kwao nje kidogo ya Mpigi, mpwa wake alisimama kando ya jeneza akaeleza jinsi mjomba wake alivyowachezea wanajeshi. Alisema walimletea ramani ya Kampala ili kompyuta iigeuze, naye kwa akili ya hisabati aliyojaliwa akawarudishia mji uliopinduka, kama uso unavyopinduka kwenye kioo, na alipoulizwa alikataa kusema neno lolote. Waombolezaji walipiga makofi. Kisha mpwa akanyoosha mkono akanionyesha mimi, akasema yule mama pale ndiye peke yake aliyebaki kati ya waliofanya kazi naye, naye atathibitisha. Nilisimama. Nilitazama wale vijana waliovaa kanzu na koti, nikaona wanavyoningojea. Nikasema kwamba nilikuwa msichana mdogo wakati ule, na kwamba Bwana Sserwadda alikuwa mwalimu wangu. Nikaketi. Wakapiga makofi tena, wakidhani ni kilio kilichonikatisha. Njia nzima ya kurudi Jinja nilikuwa nikiupanga ule mwaka kichwani, na kila nilipoupanga ulinikataa. Nitauandika basi kama ulivyonijia, bila kujifanya kwamba niliuelewa.

Ya wazazi na ukoo wetu nayaacha. Yanatosha kusemwa na wengine. Mwaka ule nilikuwa nimetoka shule na kozi fupi ya kutoboa kadi ambazo matundu yake husomwa na mashine, nikapata kazi katika ofisi moja ya serikali mjini iliyokuwa na kompyuta. Mashine ile ilijaza chumba kizima, na chumba hicho kilipozwa hata tukawa tunavaa sweta huku nje watu wanajipepea kwa magazeti. Nilipofika, Wahindi na Wagoa walikuwa wamekwisha kuondoshwa nchini, na nusu ya viti vilikuwa vitupu. Vikombe vya chai vya waliokuwa wakivikalia vilibaki rafuni, hakuna aliyethubutu kuvitumia wala kuvitupa. Mkuu wa sehemu yetu alikuwa Bwana Sserwadda, mtu mrefu, mwenye suruali zilizopigwa pasi vizuri mno, aliyesomea hisabati ng'ambo. Alinifundisha kuandika programu kwa subira ambayo sijaiona tena. Alikuwa akichora vijumba kwenye karatasi, akiingiza namba, akiniambia nijifanye mashine: nifanye lile tu lililoandikwa, wala nisifikiri. Tulizungumza Kiingereza, na alipochoka, Kiganda. Kiswahili alikielewa lakini hakukisema. Kwa Waganda wa rika lake kile kilikuwa kilugha cha kambini, cha watu wanaokusimamisha barabarani. Mimi niliyekulia katika Kiswahili niliona haya kidogo, nikakiacha mlangoni kila asubuhi pamoja na mwavuli wangu.

Nilipanga chumba Nateete, nyuma ya soko, kwa mjane mmoja Mnubi aliyeitwa Mama Zaituni. Nyumba yake ilikuwa na ua wa saruji, na jikoni kwake kulikuwa na harufu ya mikate ya gurusa na kahawa yenye tangawizi hata katika miezi ambayo sukari ilikuwa hadithi. Ukuta uliotenga chumba changu na sebule yake ulikuwa wa mbao, kwa hiyo nilisikia yote. Kaka yake alikuja mara kwa mara kutoka Bombo, na wawili hao walizungumza kwa sauti ya chini ambayo inapita kwenye mbao vizuri kuliko sauti ya juu. Fulani hakurudi kazini. Fulani amerudi lakini hasemi. Gari la fulani limeonekana likiendeshwa na mtu mwingine. Siku moja walisema kuna mtu aliyechukuliwa kwa sababu ya kucheka, na kesho yake wakasema hapana, alichukuliwa kwa sababu hakucheka. Nilikuwa nasikiliza nikitafuta kanuni. Nilikuwa nimefundishwa kwamba nyuma ya kila jambo kuna maagizo yaliyoandikwa, na ukiyasoma moja baada ya jingine utajua kitakachotokea. Humo mjini sikuona maagizo.

Kapteni Obiga alikuja ofisini asubuhi moja ya mvua. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti laini, na buti zake ziliacha matope kwenye sakafu tuliyokatazwa hata kuiingizia vumbi. Nyuma yake askari wawili walibeba maboksi ya kadi. Bwana Sserwadda alimsalimu kwa Kiingereza, kapteni akajibu kwa Kiswahili, nami nikajikuta katikati nikitafsiri. Kadi zile zilikuwa na ramani. Mtu fulani, hakusema nani, alikuwa ameigawa Kampala katika vijumba, mia kwenda kulia na mia kwenda chini, na katika kila kijumba ameandika tarakimu moja, tangu sifuri hadi tisa, akiacha vitupu tu vijumba vya barabara na vilele vya vilima, hata mtu aliweza kuutambua mji. Ilikuwa imechapwa tayari mara moja, na karatasi yake alikuwa nayo. Aliitandaza mezani. Kasoro yake ni kwamba aliyetoboa kadi alianza kwenye kona isiyofaa, na mji ukatoka umelala ubavu: kaskazini ilikuwa kushoto, mashariki ilikuwa juu. Wakubwa wake walikuwa wameitazama wakakasirika. Walitaka kaskazini ikae juu, kama ramani za watu wengine.

Bwana Sserwadda aliichukua karatasi akaizungusha mezani kwa vidole viwili. Kaskazini ikaja juu. Akamwangalia kapteni.

"Umeona?" kapteni akaniambia mimi. "Sasa namba zote zinalala. Mkubwa hawezi kusoma namba zinalala. Mwambie asimamishe namba."

Nilitafsiri, na Bwana Sserwadda akatabasamu kidogo, mara ya kwanza na ya mwisho mbele ya mtu yule, akasema kwamba hapo kapteni ana haki, tarakimu iliyolala si tarakimu. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Programu ya kuchapa ramani ilikuwa imeandikwa na Bwana Pinto, Mgoa aliyeondoka. Aliondoka na maandishi yake, sisi tukabaki na kadi tu, zilizotobolewa kwa lugha ya mashine, ambazo hakuna aliyethubutu kubadili hata moja. Programu hiyo ilichukua jedwali palepale lilipolala kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ikalichapa mstari kwa mstari. Kwa hiyo ilibidi jedwali ligeuzwe ndani ya mashine kabla halijachapwa. Na kumbukumbu ya mashine yetu ilikuwa ndogo: jedwali moja la mia kwa mia lilitosha, mawili hayakutosha. Siku hizi kijana angefanya nakala ya pili, ahamishie kila namba mahali pake papya, amalize kabla chai haijapoa. Sisi hatukuwa na mahali pa pili. Bwana Sserwadda alinieleza hivi: una chumba kilichojaa watu hadi ukutani, unataka wote wageuke robo duara, kila mmoja akasimame mahali pa mwenzake, wala hakuna ukumbi wa kuwatolea nje. Kilichopo ni nafasi ya mtu mmoja tu mlangoni.

Njia aliyoichagua ilinifurahisha hata leo nikiikumbuka. Alisema tusiwageuze kwa mkupuo, tufanye mambo mawili mepesi. Kwanza, chora mstari wa ulalo kutoka kona ya juu kushoto hadi kona ya chini kulia, halafu kila namba ibadilishane mahali na ile inayoikabili ng'ambo ya ulalo: iliyo mstari wa kwanza safu ya tano kutoka kushoto iende mstari wa tano safu ya kwanza, na ile ije hapa. Moja inatoka mlangoni kidogo, nyingine inapita, ya kwanza inarudi kwenye nafasi iliyoachwa. Pili, kila mstari ugeuzwe kinyumenyume, aliye mwisho wa mstari awe wa kwanza. Mambo hayo mawili yakifuatana, mji mzima umezunguka na hakuna aliyetoka nje ya chumba. Aliandika programu yenyewe kabla ya chakula cha mchana, akaniachia nizitoboe kadi, tukaenda kula muhogo na karanga kwenye kibanda cha jirani. Alikuwa na furaha. Aliniambia kuhusu mapacha wake, mmoja anayeanza kusoma na mwingine anayekataa. Nikarudi kuzitoboa kadi, tukaziingiza, printa ikapiga kelele yake, karatasi ikatoka. Tarakimu zote zilikuwa zimesimama. Hatukuikagua zaidi ya hapo. Kapteni alikuwa mlangoni, askari wake wakaichukua ikiwa bado na joto.

Alirudi kesho yake bila salamu. Aliitandaza karatasi mezani akaweka kidole upande wa kulia. Kaskazini ilikuwa imetoka kushoto ikaenda kulia, juu haikufika. Bwana Sserwadda aliinama akaiangalia kwa muda mrefu. Kapteni akaizungusha yeye mwenyewe, taratibu, mpaka Mulago, iliyo kaskazini ya mji, ikaja juu inapostahili, kisha akaniambia nitafute Nateete. Niliitafuta upande wa magharibi nisiione. Ilikuwa mashariki, huko upande wa bandari ya ziwa. Vilima vyote vilikuwapo, barabara zote zilikuwapo, lakini mkono wa kulia umekuwa mkono wa kushoto.

"Mnanipa Kampala nyingine," kapteni akasema. "Mkubwa anasema hii si makosa. Anasema makosa haiwezi kutoka safi namna hii."

Nilitafsiri. Uso wa Bwana Sserwadda ulikuwa na kitu ambacho nilikitafutia jina miezi mingi. Alisema kwa Kiingereza kwamba atahitaji muda, kwamba hajui. Kapteni hakusubiri nitafsiri. Wale askari wawili wakasimama kila mmoja upande wake, na Bwana Sserwadda akachukua koti lake kwenye msumari, akaulizia miwani yake, nikampa, wakatoka kupitia mlango wa mbele mbele ya watu wote. Hakuna aliyeinua kichwa. Mashine iliendelea kuvuma. Mimi nilikaa na penseli mkononi nikijaribu kukumbuka kama nilitafsiri sawasawa.

Usiku mmoja tu ulipita kabla kapteni hajarudi, safari hii peke yake, akaketi kwenye kiti cha Bwana Sserwadda kama mtu asiyetaka kukikalia. Aliniuliza kama naweza kuzisoma kadi zile. Nilimwambia naweza kidogo. Akasema basi kazi ni yangu, na ifanyike upesi. Nikamwambia, afande, Bwana Sserwadda akiachiwa kazi itaisha leo hii. Akanitazama bila hasira, akasema yeye hachukui watu wala haachii watu, yeye anapeleka karatasi. Niliposhika zile kadi nilikuwa nimekwisha kuona shimo lililo mbele yangu. Nikiitengeneza programu ikafanya kazi, nitakuwa nimeonyesha kwamba ilikuwa rahisi, hata msichana ameiweza, kwa hiyo yeye aliiharibu kusudi. Nikiiacha ilivyo, tutakuwa wawili. Na juu ya hayo kulikuwa na swali ambalo sikuweza kulizima: je, kweli aliiharibu kusudi? Mtu mwenye hisabati kama yake hakosei namna ile. Labda alijua tarakimu zile ni za nini. Labda mji uliopinduka ndio uliokuwa kinga yetu, nami ndiye nitakayeupindua tena.

Mke wake, tuliyemwita Nnalongo kwa ajili ya wale mapacha, aliishi nao Mulago, karibu na hospitali. Nilikwenda kwake mchana. Sebule ilijaa jamaa waliokaa mikekani kimya, kama msibani, ingawa hakuna aliyelitamka neno hilo. Alinivuta hadi chumbani, akafunga mlango, akanishika mikono yote miwili, akaniambia niitengeneze. Wakipata wanachokitaka watamwachia, alisema. Mume wake hana siasa, ni mtu wa namba. Nikaahidi. Jioni ileile, nikiwa natoka kazini, nikamkuta kwenye lango la ofisi amejifunika kanga kichwani. Shemeji zake walikuwa wameongea naye. Walisema Sserwadda amefanya jambo la kiume, anajua anachokifanya, na mimi nikiitengeneza nitakuwa nimemsaliti huko aliko. Akaniomba niiache. Nikamuuliza yeye mwenyewe anaamini lipi. Akasema ameishi naye miaka mingi na hajui. Hakuwahi kumwona akikosea hesabu, na hakuwahi kumwona akifanya ushujaa. Halafu akaenda zake.

Ijumaa sikwenda kazini asubuhi. Nilikaa jikoni kwa Mama Zaituni, na kwa kuwa nilishindwa kufikiri, nikafanya alivyonifundisha mwalimu wangu: nikajifanya mashine. Nilichukua sinia, nikapanga vikombe vidogo vya kahawa, vitatu kwa vitatu. Katika kila kimoja nikatia kitu chake: harage, karanga, kifungo, punje ya mahindi, kipande cha mkaa, chochote kilichokuwa karibu. Mama Zaituni aliyekuwa anakanda unga akaniuliza kama sasa ninapiga ramli. Nikamwambia ni kazi ya ofisi. Nilifuata maagizo ya programu moja moja bila kufikiri. Mstari wa kwanza, safu ya pili: badilisha na mstari wa pili, safu ya kwanza. Karanga ikaenda chini, punje ya mahindi ikaja juu. Nikaendelea hadi mwisho wa mstari. Nikaingia mstari wa pili, na agizo likaniambia nianze tena safu ya kwanza: mstari wa pili safu ya kwanza, badilisha na mstari wa kwanza safu ya pili. Nikabadilisha. Karanga ikarudi ilikotoka. Nikaikodolea macho. Kila jozi ilikuwa inabadilishana mara mbili, mara moja kutoka upande huu wa ulalo na mara ya pili kutoka upande ule. Nilipomaliza sinia nzima, kila kitu kilikuwa palepale kilipoanzia. Kwa hiyo hatua ya kwanza ilikuwa haifanyi lolote, na iliyobaki ni ya pili peke yake: mistari kugeuzwa kinyumenyume, mji kwenye kioo. Dawa yake ilikuwa agizo moja. Katika kila mstari, usianze safu ya kwanza; anza ng'ambo ya ulalo, palipobaki wasiobadilishana bado. Nilifanya hivyo kwenye sinia, kisha nikageuza mistari. Karanga na harage vikazunguka robo duara kana kwamba mtu ameizungusha sinia kwa mkono. Lilikuwa kosa la mtu yeyote. Lilikuwa pia kosa ambalo mtu mjanja angelichagua, kwa sababu halionekani. Nilipata jibu la jedwali, na la Bwana Sserwadda likazidi kunichanganya.

Nilimweleza Mama Zaituni yote, kwa mara ya kwanza tangu nihamie pale. Alisikiliza huku akizigeuza gurusa. Hakuuliza chochote kuhusu mashine. Aliniuliza kijumba cha nyumba yake kina namba gani. Nilikuwa nimekitazama, sikatai. Nikamwambia ni saba.

"Saba ni nzuri ama ni mbaya?"

"Sijui, Mama. Hakuna anayejua."

Akaipua gurusa ya mwisho, akakaa. Akasema mtu aliye ndani ya maji hachagui upande wa kulowa. Kama yule baba yuko mikononi mwao, mpeni mwenye njaa chakula chake, pengine atafungua mkono. Nami nikatoboa kadi moja. Lakini Mama Zaituni mwenyewe siku ya pili alifunga vitu vyake, akaenda Bombo kwa kaka yake pamoja na godoro, akaniachia ufunguo wa jiko. Alikaa huko hadi msimu wa mvua ukaisha. Hakuna kilichotokea kwenye nyumba ile, isipokuwa paka alizaa kwenye sanduku lake la vyombo. Alirudi akiwa na hasira na mimi, kana kwamba nilimwahidi jambo likashindikana.

Kapteni Obiga alipoiona karatasi mpya aliitazama akiwa amesimama. Alianza Mulago juu, akashuka na kidole kupitia katikati ya mji, akaenda magharibi akaikuta Nateete, akarudi. Alifanya hivyo mara kadhaa. Midomo yake ilikuwa ikicheza.

"Sasa ni Kampala," akasema.

Nikamuuliza habari za Bwana Sserwadda. Akasema yeye atazungumza na wakubwa wake. Nikajikaza nikamuuliza namba zile ni za nini. Hapo akaketi, akavua kofia, na kwa mara ya kwanza nikaona alikuwa mtu wa umri wangu, labda amenizidi kidogo tu. Akaniambia alidhani sisi tunajua. Yeye alipewa maboksi, akaambiwa peleka. Wenzake wengine walisema ni mabomba ya maji, wengine walisema ni maduka ya sukari, mmoja alisema ni watu lakini hakusema watu gani. Alikuwa ameitafuta nyumba ya dada yake kwenye karatasi. Ilikuwa na mbili. Akaniuliza kama mimi naona mbili ni nzuri. Nikamjibu lile nililomjibu Mama Zaituni. Alinishukuru, akaikunja karatasi, akasema ataleta watu wazichukue nakala nyingine tulizozichapa, akaondoka. Hakurudi tena. Wiki chache baadaye lilikuja gari jingine na watu tusiowajua, wakauliza kama tumemwona Kapteni Obiga. Tukasema hatujamwona. Wakauliza alikuwa akifuata nini hapa. Mkuu wa ofisi akasema karatasi. Wakaziangalia zile nakala zilizorundikwa kwenye kona, wakaondoka bila kuzigusa. Zilikaa pale mpaka mfagizi alipoomba ruhusa ya kuziondoa, na siku moja kwenye vichochoro vya maduka vya Kikuubo, nikisukumana na watu kwenye duka la jumla lililosemekana limepata chumvi, mwanamke aliyekaa kizingitini aliniuzia karanga ndani ya karatasi yenye tarakimu. Zilikuwa zimesimama wima zote. Nilizila karanga huku nikijaribu kutambua ni sehemu gani ya mji, nikashindwa.

Bwana Sserwadda alirudi mwaka ukikaribia kuisha. Nnalongo alinitumia ujumbe kwamba yupo, na kwamba nisiende kwanza. Halafu asubuhi moja nilifungua mlango wa chumba cha baridi nikamkuta ameketi mahali pake. Suruali ilikuwa ileile, imepigwa pasi, lakini ndani yake kulikuwa na mtu mwingine, mwembamba, na mkono wa kushoto aliuweka mapajani bila kuutumia. Wenzetu walimsalimu kama mtu aliyetoka likizo. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba nimefurahi. Akanijibu kwa Kiswahili. Nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na mkono. Kilikuwa Kiswahili kizima, cha haraka, cha kambini, kwa lafudhi ya Kiganda inayogeuza r kuwa l. Hakikuwa kimejifunzwa vitabuni. Aliniomba nimletee programu.

Niliweka kadi mbele yake. Alizipitia kwa mkono mmoja, akafika kwenye ile niliyoibadilisha, ambayo rangi yake ilikuwa mpya kidogo. Akaniuliza kama ni hiyo tu. Nikasema ni hiyo tu.

Nilikuwa nimejiandalia maswali mengi mwaka mzima, nikauliza lililobaki, nikimwita bwana kwa Kiganda. "Ssebo, ulifanya kusudi?"

"Walikuwa wananiuliza hiyo kila siku," akasema. "Umefanya nini na lamani? Ningejua, Lehema, ningewaambia siku ya kwanza."

Mengine aliyaeleza taratibu, akitazama kadi. Kwamba mwanzoni alisema ni kosa, wakamwambia kosa haliji safi hivyo, na yeye mwenyewe akaona wana hoja. Kwamba alianza kuitafuta programu kichwani, mstari kwa mstari, kwa kuwa kama angelipata kosa angewaonyesha na wangemwelewa. Kila alipofika katikati ya jedwali mtu alipiga kelele au mlango ulifunguliwa, namba zikamtawanyika, ikabidi aanze upya. Kwamba mwishowe aliwaambia ndiyo, alifanya kusudi, maana ndilo jibu walilolitaka. Wakamuuliza alifanyaje, akashindwa kueleza, na hilo likawakasirisha kuliko yote. Wafungwa wenzake walimsikia akikiri, wakamheshimu, wakampa nafasi nzuri ya kulala. Walioachiwa kabla yake ndio waliopeleka habari nje. Asubuhi moja akaitwa jina, akaambiwa aende nyumbani. Kama ile karatasi yangu ilisaidia au la, hakujua, wala sijui.

Kisha akaniomba penseli. Akachora mraba, mbili kwa mbili, akaandika moja, mbili, tatu, nne. Akabadilisha mbili na tatu. Akashuka mstari wa pili, akazibadilisha tena.

"Kumbe," akasema.

Nilidhani atacheka, au atalia, nikajiandaa kwa vyote viwili. Hakufanya chochote kati ya hivyo. Alichora mraba mwingine chini ya ule wa kwanza, tatu kwa tatu, akaanza upya kwenye kona ya juu kushoto, nami nikavuta kiti nikaketi karibu naye, nikawa namshikia karatasi isiteleze.